Landrova ya Ramadhani Kwenye Korongo la Busi

Niliondoka Kongwa na gari lisilotembea, maana kiwanja tulichopanga, mwenyewe alikitaka, na wanunuzi wa chuma chakavu walishaanza kuligongagonga. Ni Landrova ya marehemu mume wangu, Ramadhani. Binti yetu Zaituni, aliyeolewa na fundi kule Busi, akasema, "Mama, lilete, hata kwa mvua hizi."

Asubuhi akaja dereva, Swalehe, na lori lake la Fuso na vijana wa kupakia. Wakalipandisha, wakaweka magogo kwenye matairi, wakafunga minyororo, juu turubai.

"Shikamoo, mke wangu," akanitania, umri wake ni wa mjukuu.

"Marahaba. Mume mwenyewe hata kuoga hujaoga."

Dodoma tukapita, Chemba tukapita, lami tupu. Kila tukitoka kwenye mvua, Swalehe alisimama akakaza minyororo.

Mbele ya Kondoa tuliiacha lami, na huko tukakuta korongo limeshuka. Maji mekundu, yanabeba miti mizima. Nyuma yetu akasimama Issa wa bodaboda na abiria wake, Mama Salma wa nyanya.

"Fuso refu hilo, pita tu," Issa akasema.

Maji yakilichukua lile gari, Ramadhani namzika mara ya pili.

Swalehe alishuka. Alikata kijiti, akakichomeka pale maji yalipoishia, akachuchumaa.

Kwenye korongo hili hili, mwaka ule nikiwa na uchungu wa kumzaa Zaituni, Ramadhani alichomeka kijiti hivyo hivyo. Nilimtukana matusi yote niyajuayo, hakuvuka. Zaituni akazaliwa kiti cha nyuma, maji yanavuma.

"Hiki kijiti nani alikufundisha?"

"Hata sijui, bibi. Madereva wa njia hii wote ndivyo tunavyofanya. Maji yakikiacha mbali, unavuka."

Na mimi miaka yote nilidhani ni cha Ramadhani peke yake.

Jioni maji yalikiacha kijiti. Tukavuka polepole, shingo yangu imegeukia nyuma kwenye turubai.

Tulipofika Busi, Zaituni alifungua mlango wa nyuma wa Landrova, akaketi.

"Ni hapa, mama?"

"Hapo. Ulilia ukayashinda maji."

Baada ya siku chache nikarudi kwa basi. Korongo lilikuwa mchanga mtupu. Nilikuwa nimejiambia Ramadhani nimemwacha Busi, ndani ya lile gari. Kumbe yupo hata huku njiani. Nikachungulia dirishani nikione kile kijiti. Ukingo mzima ulikuwa na vijiti, sikujua kipi ni cha Swalehe.