Jiwe Linaloshika Ulimi

Majina ya wanaume watatu waliovukuta moto na Papa, baba yangu, siku ile ninayo yote, na ya baba zao, na ya wake zao waliowapikia. Sitayaandika. Wajukuu wao ni majirani zangu hapa karibu na Misikhu, na hili ninalolisema si kosa lao. Ni langu.

Papa alikuwa mhunzi. Siyo wa kunyoosha jembe lililopinda tu, ingawa hiyo ndiyo kazi niliyomwona akifanya. Kabla majembe ya duka hayajafika kwetu, yeye na ndugu zake walikuwa wakiyeyusha mawe wakapata chuma. Sisi watoto tulijua hivyo kwa kuambiwa. Vijana waliorudi kutoka vita vya Hitler walimcheka mbele yetu. "Ati chuma ulikitoa kwa mawe? Mzee, chuma kilikuja na gari la moshi. Kama ni kweli, si ututolee hata sufuria moja!" Siku hiyo ugali wa Papa ulirudi jikoni vile ulivyotoka.

Ndipo akaja yule mzungu wa Kitale. Zamani alikuwa akitafuta dhahabu upande wa Kakamega, na sasa alikuwa na shamba la mahindi, lakini kitu alichopenda kuliko mahindi kilikuwa kuzunguka kwa wazee akiwauliza watu wa kale walipataje chuma. Kwetu, ukilima, jembe hugonga mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki mawe yakishayeyuka. Sisi tulikuwa tunayatupa kando ya shamba. Mzungu aliyaokota, akayafunga kwa karatasi moja moja kama mayai. Tulicheka mpaka tukaona Papa hacheki. Papa alikuwa amekaa wima kama kijana.

Sasa nimlete dada yangu. Alikuwa binti wa mama mkubwa, mke wa kwanza; mimi nilikuwa wa nyumba ndogo. Tulizaliwa msimu mmoja. Yeye alisoma misheni mpaka darasa la sita. Mimi nilitolewa la pili, kwa sababu mama alijifungua na mtu wa kushika mtoto hakuwepo. Kwa hiyo mzungu alipotaka mtu wa kutafsiri, aliyeitwa alikuwa dada, na viatu vyake, na kitambaa cheupe kichwani. Alikaa kwenye kiti. Mimi nilileta maji ya kunywa, nikasimama na jagi mkononi.

Jambo moja mzungu hakulijua, na dada pia hakulijua vizuri. Kwetu, wanaume walijua moto na wanawake walijua mawe. Mwanamke hakusogelea tanuru likiwaka. Mwanamume naye hakuinama mtoni kuokota mawe, angechekwa. Mama yake Papa, Kukhu wetu, ndiye aliyechagua mawe miaka yote ya ujana wa Papa, na kabla hajafa alinifundisha mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina lake. Hata Papa aliniita Mama. Kukhu alinipeleka kule bondeni tukichuma mboga, akanionyesha kwamba mawe mekundu ni ya aina mbili. Moja ni zito, ukilivunja ndani ni jeusi. Lingine kwa nje ni jekundu zaidi, zuri la kupendeza, lakini ni udongo uliojifanya jiwe. "Usiamini macho," aliniambia. "Lamba. Linaloshika ulimi, tupa. Hilo litakula makaa yenu yote na halitatoa kitu." Papa aliamini Kukhu alitufundisha wasichana wote.

Siku ya tatu mzungu akauliza kwa Kiswahili chake cha shambani, "Nani nachagua hii mawe?"

Nilishusha jagi. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo.

"Mimi," dada akasema.

Mzungu akaandika. Halafu akamsimamisha uani, akampa kikapu, kikapu changu cha kubebea makaa, akampiga picha. Papa alikuwa anatabasamu. Hakuniangalia. Nakuambia, nimezika mume na watoto wawili, na hiyo ilikuwa huzuni, huzuni ina njia yake. Lakini kile nilichosikia siku ile kwenye kifua hakikuwa na njia. Kilikaa tu, kikinichoma kama pilipili iliyokwama.

Mzungu akaomba aonyeshwe kazi yenyewe. Akasema wakipata chuma ataandika kitabuni kwamba watu wa hapa walijua kazi hii wenyewe, na atamchukua dada Kitale amsaidie kuandika. Papa akakubali kabla maneno hayajaisha. Akatafuta wazee watatu waliobaki. Wakafinyanga tanuru la udongo, refu kufika kifuani, wakachoma makaa ya mti mgumu, wakashona ngozi mpya za mivukuto. Siku nane walilala mbali na wake zao, maana ndivyo miko inavyotaka. Mmoja wao mkewe alikuwa akimtania kutoka mbali, "Lala tu huko baba, hapa nimepata usingizi!"

Mawe yakaachiwa dada. Tulienda wote wawili bondeni, kwa sababu kikapu kikijaa mtu mmoja hawezi kukiinua. Njiani akaniambia, "Nikienda Kitale nitakuletea leso." Labda aliisema kwa wema. Mimi niliisikia kama mtu anamtupia kuku punje.

Akaanza kuokota yale mazuri. Halafu, ili niseme ukweli wote, akasimama na jiwe mkononi akaniuliza. Aliniuliza.

"Si ndiyo haya?"

"Ndiyo hayo," nikasema. "Mekundu kabisa."

Nikamsaidia kujaza.

Moto uliwashwa alfajiri. Papa alichora mstari wa majivu chini, wanawake tusivuke. Wanaume walivukuta kwa zamu, wakiimba ule wimbo wa kazi ambao sikuwa nimewahi kuusikia, na watu walikuja mpaka wa kutoka sokoni, wakiwemo wale vijana wa vita. Adhuhuri mzungu akamwita dada amtafsirie neno. Dada akavuka majivu, hatua moja tu, akajibu, akarudi. Niliona wazee wakiangaliana.

Alasiri wakabomoa tanuru. Papa aliingiza koleo, akavuta bonge, akaliweka juu ya jiwe, akapiga. Likapasuka kama chungu. Akavuta lingine. Yote yalikuwa mavi, mavi matupu, meusi, yanang'aa. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Sufuria iko wapi, mzee?" na watu wakacheka. Papa aliendelea kupekua majivu kwa mikono, moto ukiwa bado umo, mpaka wenzake wakamshika.

Mzee mkubwa wao akasema, "Moto umeuawa. Yuko mwanamke aliyevuka." Wote wakamgeukia dada. Mzungu akauliza wanasema nini. Hakuna aliyemtafsiria, lakini akaelewa, akaandika.

Hapo ndipo nilipopata nilichotaka. Barua ilikuja kutoka Kitale ikimwita dada, na Papa akakataa. "Msichana aliyeua moto hataenda kuandika habari za moto." Dada akavua viatu, akaja kusaga mahindi pamoja nami. Mtoni wanawake walihamisha mitungi yao akifika. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa naye kwenye jiwe moja la kusagia mwezi mzima, na bado nilimwonea wivu, sasa kwa sababu alikuwa hana kosa. Hata hilo alikuwa nalo yeye.

Na Papa aliacha uhunzi. Watu wakileta majembe aliwaambia wapeleke kwa Mhindi.

Kilichonivunja ni kwamba nilimsikia siku moja akimuuliza mama yangu polepole, "Au labda tuliota tu? Labda hatukuwahi kupata chuma." Nikaenda bondeni nikarudi na mawe mawili. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia alambe, kwamba linaloshika ulimi Kukhu alilitupa.

Alilamba la kwanza. Likashika. Alilamba la pili. Akakaa nayo muda mrefu, moja kila mkono, akiyapima.

"Ulijua, Mama?"

"Nilijua, Papa."

"Na dada yako?"

"Aliniuliza. Nilimdanganya."

Nilingoja fimbo. Papa akasema, kama mtu anayeongea na mwingine, "Basi moto wangu haukuwa na kosa." Machozi yakamtoka. Halafu akaita wazee wote na wake zao, akanisimamisha nikasema tena, na mtoni ikasikika kabla jua halijazama. Aliyeniadhibu kwa mkono hakuwepo. Adhabu ilikuwa hii: nimbebee dada sanduku lake kichwani mpaka Kitale, pamoja na mawe yale mawili, na nimwambie mzungu mwenyewe.

Tulitembea siku mbili. Dada alitangulia mbele yangu mpaka tulipoanza kuona mashamba ya wazungu, mahindi yamepangwa kama askari. Akasema, "Ungeniambia tu kwamba unataka."

"Ningekuambia ungenipa?"

Akafikiri. "Hapana."

Tukacheka kidogo, kicheko kibaya.

Mzungu alitupokea barazani. Kiswahili chake hakikutosha kwa maneno yangu, kwa hiyo ilibidi dada anitafsirie. Nilisema sentensi moja, nikangoja; naye akaigeuza Kiingereza akiangalia chini. Nilisema mawe, nikasema Kukhu, nikasema wivu. Kwenye wivu alisita, akaniangalia, halafu akaendelea. Mzungu alilamba mawe yote mawili, akastaajabu sana, akamsukumia dada daftari na kalamu. "Andika," akamwambia. Akaandika ukurasa mzima na nusu.

Niliuangalia ule mkono ukienda. Sijui kusoma Kiingereza mpaka leo. Angeweza kuandika kwamba yeye ndiye aliyeyajua mawe, au kwamba mimi ni mchawi, au asimtaje Kukhu kabisa, na mimi ningesimama pale pale nikiitikia kwa kichwa.

Nilirudi peke yangu. Papa alikuwa amekaa njiani, mbali na nyumba, akiningoja.

"Ameandika?"

"Ameandika, Papa."

"Ameandika kwamba moto ulikuwa mzuri?"

Nikamwambia ndiyo. Nilisema ndiyo kwa kumwamini dada, sikuwa na kitu kingine cha kushika.