Kiu ya Mwalimu

Jumanne nilikuwa nje ya ofisi ya mwalimu mshauri hapa Mamboleo, nikingoja zamu yangu, mlango ukiwa wazi. Mwalimu, aliyetoka juzi kwenye mafunzo ya mikopo ya chuo, alimuuliza mzee mmoja wa Muhoroni kazi yake. Mzee akarekebisha tai, akamtazama bintiye.

"Mkulima mkubwa wa miwa."

Mwalimu akampa binti glasi. "Hebu niletee maji."

Binti alipotoka, mzee akainama. "Mwalimu, mimi nakata tu miwa ya watu."

"Asante, Baba. Mtoto wa tajiri hapewi mkopo. Wako atapewa."

Binti alikuwa amesimama kando yangu, glasi tupu mkononi. "Baba anadhani sijui," akaninong'oneza.

Waliomfundisha mwalimu mambo ya mikopo, asanteni. Aliyemfundisha kusikia kiu wakati unaofaa, Mungu akubariki zaidi.