Igizo la Mama Mdogo Neema

Harufu ya nywele za bandia zikichovywa kwenye maji ya moto ndiyo ninayoikumbuka kwanza katika kipupwe kile cha Yeoville, mtaa wa Johannesburg, nilipokuwa na miaka kumi. Mama mdogo Neema, mdogo wake mama, alisuka saluni tangu asubuhi hadi jioni, wima. Akirudi aliketi kitandani, akatumbukiza miguu iliyovimba katika beseni la maji ya chumvi, na hapo ndipo alipotunga igizo lake la nyimbo. Hakuandika hata mstari. Aliimba kipande, akanyamaza, akakirudia mpaka nasi tukakishika. Lilikuwa igizo la mwanamke aliyetoka Bukavu akamwacha binti yake kwa bibi, akiahidi kumrudia baada ya miezi sita. Sote nyumbani tulijua kwamba binti huyo ni Asifiwe, mwanawe mwenyewe, na kwamba miezi sita ilikuwa imegeuka miaka saba.

Waigizaji wake walikuwa watu waliochoka kama yeye. Alikuwapo mlinzi wa duka, mwenye sauti nzito, aliyesinzia kila alipopata pa kuegemea. Na Mzee Shabani, seremala kutoka Tanga, alikubali kupiga ngoma katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa pili wa Bertrams, kwa sharti kwamba asikose sala ya alasiri. Tulifanya mazoezi kila Jumapili mchana. Mimi niliigiza binti. Nilizaliwa Johannesburg, Kiswahili nilikielewa lakini nilijibu kwa Kiingereza, hivyo nilikaririshwa wimbo wangu neno kwa neno. Mwisho wake ulisema, "Nitakungoja, mama."

Jumapili ya onyesho ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama nyuma. Tulikuwa pale tangu asubuhi. Nilipofika mwisho wa wimbo, maneno yakanitoka kichwani. Mzee Shabani akarudia mdundo mara mbili ili anisaidie. Nilikuwa na njaa, miguu inaniuma, nikasema Kiswahili nilichokisikia nyumbani kila siku: "Nimechoka, mama. Nimechoka kungoja."

Mama mdogo, aliyeigiza mama, alipaswa kunijibu kwa wimbo. Alikaa chini palepale jukwaani, akanitazama, ngoma ikanyamaza. Watu wakadhani ndivyo lilivyotungwa, wakapiga makofi. Nyuma ya pazia nilimwomba radhi. Alinifunika kanga mabegani, akasema taratibu, "Hujakosea. Mtoto angesema hivyo. Yale mengine nilijitungia ili nipate usingizi."

Kabla mwezi haujaisha alipanda basi la kwenda kaskazini, akijua kwamba karatasi zake hazingemruhusu kuingia tena Afrika Kusini. Tulijaribu kuliendeleza igizo bila yeye. Jumapili ya tatu tulifika watu wawili, tukaacha. Huko Bukavu, Asifiwe alikataa mwaka mzima kumwita mama. Siku alipomwita, mama mdogo alitupigia simu kutuambia.

Leo ninaigiza Newtown, hapahapa Johannesburg, kwenye kumbi zenye taa nzuri. Nikisahau neno, yupo wa kuninong'oneza kabla watazamaji hawajatambua. Ninatoka kazini nimechoka kama alivyochoka mama mdogo, nami sina wa kumrudia. Ninasema maneno mazuri kuliko yale ya siku ile, yaliyoandikwa na watu waliosomea kazi hiyo, na watu hupiga makofi, huvaa makoti yao, huenda zao. Sijui kama yupo aliyewahi kubadili lolote maishani mwake kwa sababu yangu, tangu Jumapili ile ya onyesho.