Kitambaa cha Kuchujia Mbege

Siku tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya unga uliojaza nusu chupa. Je, ilikuwa hesperidini, ile dawa ya mishipa ya damu iliyomo kwenye maganda ya machungwa, au nilikuwa nimetengeneza chokaa tu? Ijumaa nilitakiwa kuupeleka kwa mtengeneza vidonge mmoja wa Arusha, naye alishaniambia hapokei sampuli mara mbili.

Nilikuwa na shahada ya kemia bila kazi. Kiwanda nilichokitegemea kilikuwa kimeuzwa kikafungwa. Maganda niliyapata bure kwa wauza juisi wa sokoni Moshi. Kazi yenyewe niliijua vizuri: kuloweka maganda kwenye maji ya chokaa, kuchuja, kutia asidi kidogo kidogo kwenye maji yaliyochujwa, kupasha moto, kisha kusubiri unga utue chini.

Mwishowe nikachota unga kidogo kwenye kijiko, nikauchoma. Hesperidini huungua ikaisha. Huu uligeuka mweusi, halafu ukaacha majivu meupe. Chokaa! Imepitaje?

Nilijua, ingawa siku zote tatu sikuthubutu kusema: ni mikono ya mama. Yeye ndiye aliyenisaidia kuchuja, hapo nyumbani Shirimatunda, kwa kitambaa chake cha mbege. Alikikamua kama anavyokamua ndizi za pombe, kwa nguvu zote, mpaka rojo la maganda lililoshika chokaa likapenya.

Nilimkuta jikoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mbona umenuna?”

“Siku ile tulipochuja... hatukutakiwa kukamua.”

“Tungoje matone? Mbege ya hivyo ungewapa wakwe zako?”

“Hii siyo mbege, mama.”

“Na umekaa na neno hilo tangu lini?”

“Siku tatu.”

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. “Msomi mzima! Siku tatu unaniogopa mimi?”

Basi nikaumwaga unga wote kwenye maji mapya ya chokaa, ili hesperidini iyeyuke na uchafu ubaki kitambaani. Kitambaa tulikifua, tukakining'iniza kwenye boriti, maji yakadondoka yenyewe, ya manjano, maangavu. Mama aliikalia mikono yake ili isimponze.

Baada ya asidi na moto, unga uliotua haukuzidi kimo cha kidole kimoja. Niliuchoma kidogo kijikoni, ukaisha wote.

“Ni kidogo,” mama alisema.

“Ndio wenyewe,” nilimjibu.

Ijumaa nikapanda basi la Arusha na kidole changu kimoja cha unga.