Salamu za Ghorofa ya Tatu

Enzi hizo, kabla watu hawajaanza kusalimiana kwa kidole gumba kwenye simu, mtaa ule ulikuwa na mtu wake wa salamu. Wote walimwita Posta, kwa sababu ndiko alikofanya kazi mpaka akastaafu. Mkewe alipofariki muda mfupi baadaye, majirani walidhani mzee atajifungia ndani. Wapi! Jumatatu asubuhi walimwona na shati lake la kazi, viatu vinang'aa, anazunguka njia yake ileile mikono mitupu.

"Posta, leo unapeleka nini?" muuza magazeti alimtania.

"Kwani wewe una cha kupeleka?"

"Haya, mwambie shangazi pale kona namsalimu."

Ikawa ndiyo kazi. Wajane, wagonjwa, wazee waliokuwa hawawezi tena kushuka ngazi, wote walijua Posta atapita, atabisha hodi, atasema, "Mwalimu anakusalimu, kikohozi kimepungua." Mlango usipofunguliwa, hakutulia mpaka ampate jirani mwenye ufunguo. Kuna bibi aliyeanguka bafuni akaokolewa hivyo. Mtaa ulikuwa mtaa, jamani, si kama siku hizi mtu anaumwa wiki nzima na jirani wa ukuta mmoja hana habari.

Sasa, katika jengo moja walikaa mama mmoja fundi cherehani, ghorofa ya tatu, na mwokaji mikate, chini kabisa. Walikuwa chanda na pete hadi siku ya harusi ya binti wa fundi, keki ya mwokaji ilipofika wageni wameshaondoka. Fundi alisema yake, mwokaji akajibu yake, na tangu hapo wakawa wanapishana ngazini kama hawajuani. Jambo hilo lilimuuma Posta. Siku moja, bila kutumwa na yeyote, alimwambia fundi, "Mwokaji anakusalimu."

Fundi alisimamisha cherehani. "Yeye?"

"Yeye. Anauliza goti linaendeleaje."

"Kama ananisalimu, si apande mwenyewe?" alisema fundi, lakini alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomponza Posta. Aliteremka akampa mwokaji salamu za fundi, akatia na chumvi kidogo. Kesho yake akaongeza. Miaka ikapita hivyo, salamu zinapanda, salamu zinashuka, na wenyewe wameendelea kununiana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Halafu binti wa fundi akaja kumchukua mama yake aende kuishi naye, mbali sana. Siku moja kabla ya safari, Posta alisimama ngazini akiwaza. Akiwaacha waachane hivi, hawataonana tena. Akiwakutanisha, uongo wake utafumuka, na nani atamfungulia mlango tena akisema fulani anakusalimu? Hakuwa na kazi nyingine duniani. Akaenda kumwita mwokaji.

Mwokaji alipanda na unga mikononi. Fundi alikuwa amekaa juu ya sanduku, chumba kitupu.

"Nimekuja, dada," alisema mwokaji. "Miaka yote umenisalimu, na mimi nikafanya kiburi."

"Mimi? Si wewe uliyekuwa unaniulizia goti?"

"Goti gani?"

Wote wawili wakamgeukia Posta. Mzee wa watu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sasa zile salamu zilikuwa za nani?" aliuliza fundi.

"Zangu," alisema Posta. "Mama watoto alipoondoka, nyumbani sikuwa na wa kumsalimia. Nikawaona nyinyi mko hai wote wawili, kati yenu ngazi tu, na mnaichezea bahati hiyo. Nisameheni."

Mwokaji akasema, akiangalia sakafu, "Ile keki, jiko liliharibika. Niliona aibu kusema."

"Tuliila kesho yake," fundi alijibu. "Ilikuwa tamu mno. Ndiyo maana nilizidi kukasirika."

Walicheka mpaka wakalia, au walilia mpaka wakacheka, Posta hakuelewa vizuri. Aliwaacha wameshikana mikono juu ya lile sanduku, akatoka polepole. Hakuna aliyemwambia kwamba amesamehewa.

Fundi akasafiri. Asubuhi iliyofuata Posta alipita mitaani bila kubisha popote, kwa aibu, lakini miguu ilimpandisha yenyewe hadi ghorofa ya tatu. Akapiga hodi kabla hajakumbuka. Akabaki amesimama mbele ya kufuli.

"Posta!" Ilikuwa sauti ya mwokaji, kutoka chini. "Unamgongea nani huko? Shuka, chai inapoa!"

Alikuwa amefikisha salamu za mtaa mzima, zote akiwa amesimama mlangoni, na hakukumbuka ni lini mtu alimwambia aingie akae. Alishuka taratibu akishika ukuta, kwa sababu machozi hayakumwacha azione ngazi.