Siku Tano za Ndiga

Alhamisi, tarehe 6 Februari 1975. Mawingu yalikaa juu ya Uluguru tangu alfajiri, yakateremka hadi kwenye migomba ya juu, na ilipofika saa nne yalikuwa yameondoka bila kudondosha tone. Huku chini jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo.

Asubuhi hiyo kamati ya kijiji ilikutana kwa dharura kwa sababu ya Cecilia Mkude.

Cecilia alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili. Mwanawe Andrea alifanya kazi ya reli Kingolwira. Cecilia alibaki na wajukuu watatu na mama yake mzazi, Bibi Maria, ambaye hakuwa tena na nguvu ya kulima. Kama sisi wengine, aliteremka kutoka milimani mwaka uliotangulia, tulipohamishiwa kijiji kipya chini ya Matombo. Mahindi ya vuli yalikauka yakiwa kimo cha goti. Lori la serikali lilileta unga wa njano kila lilipoweza kupita, na watu waliusonga ugali huku wakinung'unika kwamba ni chakula cha kuku. Lilipochelewa tulikula tulichokipata: majani ya mchunga na mnavu, panya wa mashambani, hata mashina ya migomba yaliyochemshwa mpaka yakalainika.

Cecilia ndiye aliyetukumbusha ndiga. Ni kiazi cha porini. Mmea wake hutambaa, una miiba na majani matatu matatu. Kikiliwa bila kutayarishwa hulewesha na kutapisha, na kinaweza kuua. Milimani walikimenya, wakakikata vipande vyembamba na kukiloweka siku tano kabla ya kukipika. Cecilia alijifunza kwa mama yake wakati wa njaa ya 1949. Wiki iliyotangulia aliwapeleka wanawake wanne porini, akawaonyesha jani, akawaambia siku za kuloweka.

Mmoja wao alikuwa Kristina, mke wa Laurenti. Jumatano jioni nyumba yao ilikula. Kabla sahani hazijaoshwa, Laurenti alianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka, na watoto wawili wakatapika hadi wakalegea. Kristina alikuwa ameonja kidogo tu. Walibebwa kwa machela hadi zahanati. Watoto walipata nafuu, lakini Laurenti alilazwa.

Nikiwa katibu wa kamati, niliandika mwenyewe kumbukumbu za kikao hicho. Mwenyekiti wetu, Ndugu Alois, alisema ndiga zote zitafukiwa siku hiyo hiyo, na atakayeonekana akichimba nyingine atanyimwa mgawo wa unga.

Cecilia alisimama. "Ndugu Mwenyekiti, za kwangu zipo kijitoni tangu jana alfajiri. Naomba mniachie hadi Jumatatu. Nitazipika na kuzila hapa hapa, mbele yenu, mimi peke yangu."

"Na ukianguka, Mama Andrea?"

"Mtazifukia, na mimi pamoja nazo."

"Mwachieni," alisema Semeni kutoka mlangoni. Semeni alikuwa Mzaramo aliyeolewa kijijini kwetu, kwa hiyo mtani wa Waluguru wote. "Mluguru akitaka kula mizizi kama ngiri, nani amzuie? Akifa nitamzika mimi, na ile kanga yake ya kijani ninaichukua kabla hajapoa."

"Haikutoshi, ewe pipa," Cecilia alimjibu bila kugeuka.

Watu walicheka, na katika kicheko hicho Alois akakubali. Lakini alitoa sharti. Cecilia akiumwa, hata kichefuchefu tu, kijiji hakitagusa ndiga tena, na yeye hatamfundisha mtu yeyote chakula cha porini. Nje, mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke huyo amewawekea watu sumu. Cecilia alisikia. Aliendelea kutembea.

Alikwenda moja kwa moja kwa Kristina. Alimkuta ameketi kwenye kizingiti, macho yamevimba.

"Pole, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza, sikuja kujitetea. Uliziloweka siku ngapi?"

"Tano. Nilifunga fundo kwenye kamba kila asubuhi. Tangu Ijumaa."

"Wapi?"

Kristina alimpeleka nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na debe lenye maji meupe kama ya kuoshea mchele. Cecilia alichuchumaa, akanusa, akakunja uso.

"Maji uliyabadilisha?"

"Mara mbili. Kisimani foleni, mama, unajua. Na kijito kiko mbali, wangeniibia. Wewe ulisema siku tano."

"Nilisema," Cecilia alijibu.

Alizamisha mkono kwenye debe: maji yalikuwa yamesimama. Kule milimani kila nyumba ilikuwa na kijito karibu, na hakuna aliyeloweka kitu mahali pengine. Mama yake hakuwahi kumwambia kwamba maji lazima yatembee, kwa kuwa hakuwahi kuona maji yaliyosimama. Naye aliwapa wenzake hesabu ya siku, akasahau kwamba wamehama.

Sasa alijua sababu. Lakini kujua huko kulimletea hofu nyingine, maana ukame ulikuwa umekipunguza kijito chenyewe. Ijumaa asubuhi alikikuta kimekuwa uzi mwembamba, na matenga yake matatu ya ndiga yamekaa kwenye maji yasiyotikisa hata jani. Aliyabeba moja moja kichwani, akapanda kwa mwendo wa saa nzima, hadi mahali ambapo maji hupita kwa nguvu kati ya mawe mawili. Akayafunga hapo kwa kamba za migomba.

Jumamosi alikuta tenga moja limetolewa na kutupwa ukingoni, vipande vimekauka. Hakuuliza ni nani. Alichimba shimo akavifukia vyote, kwa sababu hakujua vimekaa nje saa ngapi. Jumapili, baada ya Misa, alipanda tena kugeuza vipande vya matenga mawili yaliyobaki.

"Una vipande vya kutosha kuwalisha watoto leo," Bibi Maria alimwambia aliporudi. "Zimefika siku nne, na maji yale yanakwenda vizuri. Mimi nilishawahi kula za siku nne."

"Nimeahidi tano, mama."

"Njaa haihesabu."

"Mimi nahesabu."

Usiku huo nyumba nzima ilikunywa uji wa unga wa njano uliokuwa mwepesi kama maji.

Jumatatu saa moja alitoa tenga moja. Alipitisha kipande kwenye mdomo, akasubiri, haukuwasha. Akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akasubiri tena. Kisha akazipika kwa maji mawili, ya kwanza akayamwaga, na saa nne akaleta sufuria ofisini. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani.

Kabla hajala aliomba kusema. "Nyumba ya Laurenti imeumia kwa kosa langu. Kristina alifuata nilivyomwambia. Mimi sikumwambia kwamba ndiga hulowekwa kwenye maji yanayotembea. Debe halifai, hata ukiloweka mwezi."

Alois alikuna kidevu. "Basi, Mama Andrea, kama sababu imejulikana, hakuna haja ya kula. Tutalitangaza tu."

"Hapana. Mara ya kwanza niliwapa maneno, na maneno yakaumiza watu. Safari hii mtaona kwa macho."

Alikula vipande sita kwa chumvi, polepole, akitafuna kila kimoja. Nikaandika saa. Kisha akaketi kwenye benchi la nje, akachomoa ukindu na kuanza kusuka ukili wa mkeka, ili kila mtu aone kama mikono inatetemeka. Semeni akaketi ubavuni kwake kama askari.

"Mtani, wajukuu wako wanaitwa nani?"

"Dominiko, Maria na Bonifasi."

"Na mimi naitwa nani?"

"Wewe huna jina, una mdomo tu."

"Bado ana akili," Semeni alitangaza.

Saa saba, jua likiwa utosini, mikono ya Cecilia ilisimama. Alifumba macho. Alois alisogea karibu na kumuuliza anajisikiaje. Angeweza kunyamaza, wengi wetu tungenyamaza.

"Kichwa kizito," alisema. "Tumbo halina kitu. Sijui bado kama ni njaa ama ni ndiga."

Watu walianza kunong'ona. Mzee Bartholomeo, mjumbe wa kamati, alisema sharti limevunjika na sufuria imwagwe. Semeni aliinuka akasimama kati yake na sufuria, mikono kiunoni.

"Tangu jana amekunywa kikombe kimoja cha uji, na mmemweka juani. Hata wewe ungekuwa na kichwa kizito, kama ungekuwa nacho. Sharti lilikuwa kuumwa. Kaumwa wapi?"

Alois aliamua wamhamishie kivulini na kusubiri, asipewe chakula wala dawa, maji tu. Cecilia alifumbua macho, akaangalia ukili wake, akafumua mistari miwili iliyokwenda upande na kuisuka upya. Saa nane alisema kichwa kimepungua. Saa tisa kilikuwa chepesi. Saa kumi na mbili alisimama, akatembea hadi barabarani na kurudi, na Semeni akapima ukili kwa mkono: pima mbili na nusu, ulionyooka.

Alois alichukua kipande kimoja kutoka kwenye sufuria na kukila mbele ya wote.

"Vipi?" aliulizwa.

"Hakina ladha."

"Kiazi kilichofiwa," alisema Semeni, akachukua viwili.

Kamati ilikubaliana ndiga ziruhusiwe, kwa sharti kwamba zote zilowekwe pale kwenye mawe mawili na Cecilia azikague kabla ya kutolewa. Laurenti alituma neno kutoka zahanati kwamba nyumbani kwake hazitaingia tena. Niliandika hilo pia.

Kesho yake, Jumanne, Cecilia aliamka mapema na kubisha hodi kwa Kristina.

"Mume wangu amekataza, mama," Kristina alisema akiwa ndani.

"Basi usile. Njoo uone maji."

Kristina alitoka, akajifunga kanga, wakapanda pamoja. Kwenye mawe mawili Cecilia alimshika mkono akauzamisha kati ya vipande vya tenga lililobaki, akaushikilia humo mpaka Kristina aliposema anausikia mkondo unasukuma. Kisha Cecilia akachukua jembe lake, wakaendelea kupanda kwenda kuchimba.