Jumamosi ya Magari na Jicho la Bibi

Tangu juzi situlii. Naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, natoka barazani, narudi ndani, na wanangu wananitazama kama mtu aliyepoteza funguo. Mji mzima uko hivyo wiki hii. Kando ya barabara wamepanga matairi makuukuu yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, bodaboda wanabishana ni kona ipi itakayowashinda madereva, na Jumamosi magari ya mashindano yatazunguka mitaani mwetu. Vijana wanasema ni mara ya kwanza Mtwara kuona jambo kama hili. Nawaacha waseme. Sisi tuliokulia Ufukoni kabla simu hazijaingia mifukoni tunajua kwamba magari yalishakuja. Nami najua kwa nini sikuyaona.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kaka yangu Issa kumi na mitatu. Baba alifanya kazi Naliendele, kwenye vitalu vya miche ya mikorosho, akienda na kurudi kwa baiskeli. Ulikuwa msimu wa mabibo, matunda ya mikorosho. Harufu yake ilikuwa kila mahali, tamu na chachu, na sare zetu za shule zilijaa madoa ya utomvu ambayo mama aliyasugua huku akitutaja majina yetu yote mpaka la babu. Gari la matangazo lilipita Jumatatu, kipaza sauti juu ya paa, likasema Jumamosi saa nne asubuhi magari ya mashindano yatakimbia kuzunguka katikati ya mji, na kila mtu afunge mbuzi wake.

Kuanzia hapo hakuna mtoto aliyekaa chini. Issa alichora njia ya mashindano kwenye mchanga wa uani, na kona zake zote, akasema amemuuliza mtu anayejua. Tulikuwa na magari ya waya, magurudumu ya kandambili zilizokatika, na tuliyaendesha mpaka jua likazama na vumbi likatuganda miguuni kama soksi. Mtoto wa leo akitaka gari anapakua gemu. Likigonga ukuta anabonyeza kidole na gari linafufuka. La kwetu likivunjika ulikwenda kutafuta waya mwingine kwenye uzio wa watu, na ukikamatwa ulichapwa na mwenye uzio, kisha na mama kwa kumwaibisha. Shuleni ilikuwa vilevile. Mwalimu wa hesabu, alipoona hatumsikilizi, alifuta ubao akaandika habari ya gari linalokimbia kilomita mia kwa saa. Siku ile darasa zima lilipata.

Nyumbani tulikuwa na mgeni. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameletwa kutoka Kitaya kwa sababu ya macho. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga macho yote mawili, akabaki kuona mwanga na kivuli tu. Kulikuwa na madaktari wa macho waliokuja mjini kwa wiki mbili, wakipasua bila malipo, na jina la bibi liliandikwa kwa Jumatatu ya wiki inayofuata. Mpaka siku hiyo ifike, macho yake nilikuwa mimi. Alinishika bega la kushoto, nikampeleka chooni, barazani, kwa jirani. Nami nilimweleza kila kilichokuwa mbele yetu.

"Hayo magari yenu yanakwenda wapi?" aliniuliza jioni moja, vidole vyake vikisuka ukili wa mkeka bila kuhitaji macho.

"Hayaendi mahali, bibi. Yanazunguka mitaani, yanarudi palepale yalipoanzia."

Akasuka kidogo. "Sasa si wangekaa tu."

Issa alicheka mpaka akapaliwa na muhogo.

Jumatano mchana nilikuwa bombani, ndoo yangu ya tatu kwenye foleni, alipopita Mama Neema. Huyu alikuwa jirani yetu, nesi, mtu wa Bukoba, mwanamke mrefu aliyetembea kwa haraka hata alipokuwa hana safari. Nilimwamkia.

"Marahaba. Somoe, sikiliza vizuri. Madaktari wa macho wanaondoka Jumamosi, safari yao imewahishwa. Mwambie baba bibi asiletwe Jumatatu. Aletwe Jumamosi, saa mbili asubuhi, bila kula chochote. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi nalala hukohuko hospitali mpaka waondoke, sitapita kwenu. Rudia nilichosema."

Nikarudia, neno kwa neno. Akanipapasa kichwani, akaenda.

Nilijitwika ndoo. Kutoka bombani hadi nyumbani ni hatua chache, lakini nilipofika uani nilikuwa nimeshapiga hesabu yote. Bibi akienda hospitali Jumamosi, lazima aende na mtu wa kumshika mkono. Baba atatangulia kuandikisha, mama ana mtoto mchanga, Issa ni mvulana na bibi hatakubali amsindikize chooni. Nitakwenda mimi. Magari yatapita, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi linalonuka dawa.

Nilitua ndoo. Mama akauliza mbona nimechelewa. Nikasema foleni.

Sikusema uongo zaidi ya huo. Nilijiambia nitasema jioni baba akirudi. Baba akarudi amechoka, nikajiambia asubuhi. Asubuhi nikajiambia labda madaktari watabadili tena, wakubwa hubadili mambo kila siku. Alhamisi sikula vizuri. Mama alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, chakula ambacho kwa kawaida nilikikomba hadi sufuria, nikakisogeza upande wa Issa. Ijumaa niligombana na kila mtu, nikampiga Issa kwa gari langu mwenyewe mpaka likapinda. Bibi alinishika bega kwenda kunawa, akasema, "Leo bega lako gumu. Unaumwa?" Nikasema siumwi. Kila mtu alidhani ni kiwewe cha magari, kwa maana watoto wote wa mtaa walikuwa na kiwewe.

Jumamosi tuliamka mapema, tukafungiwa muhogo uliochemshwa jana kwenye kitambaa, tukakimbia kuwahi nafasi. Tulifika saa moja na tayari watu walikuwa wamejaa. Kamba zilikuwa zimefungwa nguzo kwa nguzo, na mgambo wenye vibendera vyekundu wakirudisha watu nyuma. Wavulana walikuwa juu ya mapaa. Wauza karanga, wauza barafu, wazee waliovaa kanzu kama sikukuu. Kila injini ya pikipiki iliponguruma mahali fulani, umati wote ulisema "hayo", kisha ukanyamaza kwa aibu.

Saa mbili ikapita. Nilijua imepita, kwa sababu saa ya mtu aliyesimama mbele yangu ilikuwa usawa wa macho yangu. Ndiyo pekee niliyoweza kuiona. Watu wazima walikuwa wametupita mbele, nami nilikuwa mfupi, mbele yangu hapana kitu ila migongo. Magari yakaanza kupashwa moto, upande wa mnara. Sauti ile niliisikia tumboni kabla ya masikioni.

Issa alipanda juu ya jiwe. "Naliona la bluu," akasema. "Na jingine jeupe, lina namba ubavuni. Mtu wake anavaa helmeti."

"Niinue na mimi nione."

"Jiwe halitutoshi. Tulia, nitakueleza kila kitu."

Nilisimama pale nikiwa nimemshika shati. Alikuwa akieleza vizuri, rangi, moshi, dereva anavyovuta glovu, na kila alichokieleza kilinizidishia maumivu. Nilitaka kuona mwenyewe. Nikamvuta shati mpaka akashuka.

"Issa, bibi alitakiwa hospitali leo. Saa mbili. Mama Neema aliniambia Jumatano."

Alinitazama. Nilingoja kofi. Akageuza uso upande wa ile sauti ya injini, muda mfupi tu, kisha akanirudia.

"Wewe kimbia kwa baba. Mimi nakwenda hospitali niwaambie wasifunge."

Akaondoka. Nilimwona anapenya kinyume cha umati, watu wakimsonya kwa sababu hakuna mwenye akili aliyekuwa akiondoka saa ile.

Nyumbani kulikuwa ng'ambo ya barabara iliyofungwa. Mgambo alinizuia kwenye kamba, akasema nisubiri mpaka mashindano yaishe. Nikamwambia bibi yangu atabaki kipofu. Sijui alielewa nini, lakini aliinua kibendera, akanishika mkono, akanivusha mbio. Lami ilikuwa tupu kushoto na kulia, imefagiwa. Watu wa pande zote walipiga makofi, wakidhani ni mchezo.

Baba alikuwa uani akijaza upepo tairi la baiskeli. Nilimwambia yote nikiwa bado nahema, na nilipofika kwenye neno Jumatano pampu ikasimama. Alimwita bibi, akamuuliza amekula nini.

"Sijala," bibi akasema. "Mkeo bado anahangaika na moto."

Baba akambeba akamweka kwenye keria, tukazunguka kwa njia ya pwani kwa kuwa za mjini zilifungwa. Baba aliisukuma baiskeli mbio, na mimi nilikimbia nyuma nikimshikilia bibi mgongo asianguke. Mchangani tairi lilizama, tukalinyanyua. Bibi hakulalamika. Aliuliza mara moja tu: "Kwani tumechelewa?" Baba akasema, "Tumechelewa, mama."

Tulipofika, Issa alikuwa amekaa chini mlangoni pa chumba cha upasuaji, miguu imenyooshwa, amewazibia njia. Mama Neema alikuwa amesimama juu yake. Ndani walikuwa wanapanga vyombo kwenye masanduku.

"Nilikutuma Jumatano," Mama Neema akaniambia.

Daktari alitoka akiwa amekwisha kuvua kofia. Alizungumza na Mama Neema, wakatazama saa. Kisha akatuambia kwamba gari la kuwapeleka uwanja wa ndege linakuja saa sita, na muda uliobaki unatosha jicho moja. Jingine litasubiri watakaporudi.

Baba akamtafsiria bibi kwa Kimakonde, taratibu. Bibi akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega langu.

"Moja linatosha kumtazama huyu," akasema.

Wakamwingiza. Tukakaa kwenye benchi, baba, Issa na mimi, na hapo ndipo magari yalipoanza kukimbia. Yalikuwa mbali kidogo, nyuma ya nyumba. Yalipanda sauti, yakashuka kwenye kona, yakapanda tena, na kila yalipopanda watu wa mji mzima walipiga kelele. Issa aliinamisha kichwa akitazama miguu yake. Baba hakunipiga siku ile wala baadaye. Kwa wiki nzima aliniagiza kazi kupitia kwa Issa, nami ningechagua fimbo.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa nilikuwepo. Bibi alipepesa, machozi yakamtoka, akaitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ndiye wewe. Umekonda."

Alirudi Kitaya mwezi huohuo. Alikuwa akigeuza kichwa kama kuku ili akuone vizuri, na wajukuu wadogo walimwiga, naye akawarushia kokwa za maembe na kuwapata. Madaktari hawakurudi mpaka bibi akafariki, miaka kadhaa baadaye. Jicho la pili alikwenda nalo vilevile. Likizo moja, nikiwa kidato cha pili, nilimwomba msamaha tukiwa tunamenya muhogo. Hakusimamisha kisu.

"Wewe ulitaka kuona, na mimi nilitaka kuona," alisema. "Sikukasirika kwa sababu ulitaka. Nilikasirika kwa kuwa siku tatu nzima nilikushika bega na hukuniambia."

Nililia, akaniacha nilie, kisha akanisogezea muhogo wangu niendelee.

Sasa magari yamekuja tena. Wanangu wanayajua majina ya madereva wote, wameshayatazama magari yenyewe kwenye simu hata kabla hayajafika, na mkubwa ananiambia kwamba si lazima niende, mama, yataoneshwa mubashara. Sisi tulingoja kitu tusichokijua sura yake, na kule kutokujua kulitunyima usingizi. Hawa wanangoja kitu walichokwisha kukiona. Ujumbe nao siku hizi haupiti kwa mtoto. Nesi angeandika kwenye kundi la familia, na kabla maji hayajajaa ndoo, shangazi aliyeko Masasi angekuwa ameshauliza bibi ameandaliwa nguo gani. Ni vizuri hivyo. Watu wanaonana na madaktari kwa wakati. Lakini wakati mwingine namtuma mwanangu wa mwisho kwa jirani kwa mdomo tu, neno moja lisilo na maana, nimwone atakavyolibeba. Ananiambia, "Mama, si umpigie tu."

Issa yuko njiani. Anatoka Dar kwa basi, mtu mzima mwenye mvi na goti baya, na amenipigia mara nne tangu asubuhi akiuliza: maandalizi yamefika wapi, matairi yamepangwa mpaka wapi, watu wataanza kujaa saa ngapi. Jumamosi tutasimama pale wawili. Miaka yote hii hajawahi kunikumbusha kwamba siku ile yeye alikuwa juu ya jiwe, anaona, na alishuka. Na mimi sijawahi kumshukuru. Nimepanga kumwambia kabla hayajaanza, maana yakishaanza hatanisikia.